TOVUTI YETU ILIPOVAMIWA: MLINZI WA MTANDAONI NA NAMNA YA KUISHI NAYE

Mpenzi msomaji,

Ikiwa unalisoma jarida hili chini ya mti wakati wa mapumziko, au umelificha ndani ya kitabu cha Hisabati wakati wa prepu (mwalimu wa zamu asikuone!), naomba unitegee sikio kwa dakika chache. Nataka kukusimulia jinsi tovuti ya chama chetu ilivyovamiwa na wadukuzi mwaka wa 2024, jinsi tulivyoisafisha na jinsi tulivyoiwekea mlinzi. Pia nitakueleza, ingawa nikikumbuka naona haya, jinsi sisi wenyewe kwa pupa zetu tulivyoidhuru tovuti hiyo kuliko wavamizi walivyoidhuru.

Najua wapo watakaosema, "Aa, hayo ni mambo ya watu wa tarakilishi, mimi ni mtu wa fasihi." La hasha! Hebu soma kwanza. Chama cha Kiswahili kikiwa na tovuti, basi tovuti hiyo ndiyo maktaba yake, na maktaba haiachwi wazi usiku.

KISA CHENYEWE

Tovuti yetu ilianzishwa mwaka wa 2016 na wanachama waliotutangulia. Humo tumekuwa tukiweka insha, mashairi, picha za sherehe zetu, na zaidi ya yote, simulizi za wazee. Kila likizo wanachama huenda kwa babu na nyanya zao na madaftari, wakasikiliza ngano, vitendawili na habari za ukoo, kisha wakirudi shuleni huzipiga chapa na kuzitia katika tovuti. Hiyo ndiyo fahari yetu.

Likizo ya Agosti mwaka wa 2024, mzazi mmoja alimpigia simu mlezi wetu akiwa amefura kwa hasira. "Mwalimu, hivi mnawafundisha watoto wetu Kiswahili ama mnawafundisha kamari?" Mwalimu akashangaa. Akaifungua tovuti kwenye kipakatalishi chake, akaona kila kitu ki shwari: nembo ya shule pale pale, mashairi pale pale. Akajibu kwa upole, "Mzazi, labda umekosea anwani." Mzazi akakata simu.

Siku mbili baadaye, mwanachama mmoja naye akapiga kwa simu ya mamake. "Mwalimu, nikitafuta jina la chama kwa Google halafu nibonyeze, inanipeleka kwa mambo ya kubeti!" Hapo ndipo Mwalimu alipoingiwa na baridi.

Je, kwa nini Mwalimu hakuona kitu? Ni kwa sababu programu hasidi iliyoingizwa ilikuwa imefunzwa kujificha. Mtu akija kwa simu ya rununu kutoka Google, anarushwa hadi kwenye ukurasa wa kamari. Anayeandika anwani mwenyewe, au msimamizi ambaye tayari ameingia kwa nywila yake, anaonyeshwa tovuti safi kabisa. Hila hii ni ya kawaida sana kwa wadukuzi, maana mwenye nyumba akichelewa kujua, mwizi anakaa zaidi.

Basi shika funzo la kwanza: ukiambiwa tovuti yako ina kasoro, usimjibu mtu kwamba kwako iko sawa. Itazame kwa simu, kwa tarakilishi nyingine, bila kuingia kama msimamizi, tena uifikie kupitia Google kama mgeni anavyoifikia.

TOVUTI IMEJENGWA NA NINI?

Ili uelewe yaliyofuata, ni lazima kwanza uijue nyumba yenyewe. Tovuti yetu imejengwa kwa WordPress, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka wa 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Siku hizi zaidi ya thuluthi moja ya tovuti zote duniani zimejengwa kwa programu hii.

Tovuti ya WordPress ina sehemu kuu nne. Ya kwanza ni programu yenyewe, ambayo ni kama msingi na kuta. Ya pili ni mandhari, yaani rangi na mpangilio wa kurasa. Ya tatu ni plagini, yaani viprogramu vidogo vinavyochomekwa ndani ya ile kubwa ili kuiongezea kazi: hii ya kuonyesha picha, ile ya kupokea ujumbe wa wasomaji, nyingine ya ulinzi. Ya nne ni hifadhidata, ambamo maandishi yote hukaa. Insha yako na ngano ya nyanya yako haziko katika faili yoyote unayoweza kuifungua na kuisoma, la, zimo katika hifadhidata. Tafadhali likumbuke hili la mwisho, kwa maana ndilo lililotuliza.

Plagini huandikwa na watu mbalimbali, wengine mabingwa, wengine wanafunzi kama wewe. Ikiwa mwandishi amekosea mahali, pale pana tundu, na tundu moja latosha kumwingiza mwizi katika nyumba nzima.

KWA NINI WATUSUMBUE SISI?

Swali hili aliliuliza mwenyekiti wetu. "Sisi tuna nini jameni? Si benki, si serikali!" Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyeketi mahali akiichukia shule yetu. Kazi hii hufanywa na roboti, yaani programu zinazojiendesha, zikizunguka mtandaoni usiku na mchana. Roboti ni kama mwizi wa bweni anayepita akizivuta kufuli za masanduku yote. Hajali sanduku ni la nani, anajali lililo legevu. Akilipata, anaitumia tovuti yako kuwavutia watu kwenye kamari, kutuma barua pepe za ulaghai, au kuficha viungo vya biashara zake.

Mifano ipo. Mapema mwaka wa 2017, tundu lilipatikana katika matoleo mawili ya WordPress yenyewe, 4.7 na 4.7.1. Dawa ilitolewa tarehe 26 Januari katika toleo la 4.7.2, lakini waliochelewa kusasisha walikiona cha mtema kuni: katika majuma machache kurasa nyingi mno duniani zilikuwa zimefutwa na kuandikwa maneno ya wadukuzi. Mnamo Septemba 2020 tundu jingine lilifumuliwa katika plagini iitwayo File Manager, iliyokuwa katika tovuti zaidi ya 600,000. Dawa yake ilitoka tarehe 1 Septemba, lakini roboti zilikuwa zimeshaanza kazi.

Hapa kwetu Kenya pia tumeonja. Januari 2012, tovuti zaidi ya 100 za serikali zilibandikwa ujumbe wa mdukuzi mmoja wa Indonesia. Na Julai 2023 huduma za eCitizen zilikwama kwa siku kadhaa baada ya kufurishwa na maombi ya uongo. Ikiwa serikali yenyewe huguswa, sembuse chama cha shule?

TULIVYOISAFISHA, NA KOSA LETU KUBWA

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu alituita mimi na mwenyekiti kwenye chumba cha tarakilishi. Akatufungulia ukurasa wa usimamizi wa ile kampuni tunayokodi seva kwake, kisha akaitwa ofisini. "Ngojeni nirudi," akasema.

Hatukungoja. Niliona kitufe cha kurejesha nakala ya zamani ya tovuti. Nakala iliyokuwapo ilikuwa ya mwezi wa Machi. Mwenyekiti akasema, "Si tuirudishe tu ile safi, tumalize?" Nami nikaona ni hekima. Kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.

Baada ya dakika chache kazi ilikuwa imekwisha. Tukajaribu kwa simu ya Mwalimu aliporudi. Lahaula! Kamari ingali pale pale, maana wadukuzi walikuwa wameingia hata kabla ya Machi, na nakala tuliyoiita safi ilikuwa na ugonjwa ule ule. Lakini hilo si lililotuumiza. Mwalimu alipekua simulizi za wazee, akanyamaza, akapekua tena, kisha akauliza polepole, "Zile za likizo ya Aprili ziko wapi?"

Simulizi 14 zilikuwa zimekwenda. Tulipoirejesha nakala ya Machi tuliiandika juu ya hifadhidata iliyokuwapo, na yote yaliyoandikwa baada ya Machi yakafutika. Wadukuzi, pamoja na ubaya wao, hawakuwa wamegusa hata neno moja la wazee wetu. Sisi ndio tuliolifuta.

Kwa hivyo funzo la pili ni hili, na kama utasahau mengine yote usilisahau hili: kabla ya kutibu, nakili. Hata kama tovuti ni chafu, ichukue nzima nzima, faili pamoja na hifadhidata, uiweke kando. Nakala chafu unaweza kuisafisha. Lakini kisichokuwapo utakisafishaje?

Baada ya msiba huo Mwalimu alitukalisha chini, tukaanza upya kwa utaratibu ambao tungeufuata tangu awali:

1. Tulichukua nakala ya kila kitu jinsi kilivyokuwa, tukaitia katika flashi diski.

2. Tulibadilisha nywila ya akaunti ya seva na ya barua pepe ya chama. Ukisafisha nyumba na mwizi angali na ufunguo, unatwanga maji kinuni.

3. Tulikagua orodha ya watumiaji. Tulimkuta msimamizi mmoja tusiyemjua, mwenye jina la herufi ovyo ovyo. Tukamfuta. Tukawakuta pia makatibu watatu waliomaliza shule zamani, wangali na mamlaka yote! Nao tukawaondolea.

4. Tulifuta faili za WordPress, mandhari na plagini zote, tukaweka mpya kutoka tovuti rasmi ya WordPress. Faili ya wp-config.php na kabrasha la wp-content/uploads hatukufuta, kwa kuwa la kwanza lina funguo za hifadhidata na la pili lina picha zetu. Lakini tulizipitia moja moja.

5. Katika kabrasha hilo la picha tulikuta faili mbili zinazoishia kwa .php. Picha huishia kwa .jpg au .png. Faili ya .php ni programu, na programu katikati ya picha ni nyoka katika kikapu cha mboga. Tukazifuta.

6. Tulibadilisha zile funguo za siri zilizo ndani ya wp-config.php. Ukizibadilisha, kila aliyeingia hutolewa nje papo hapo, mwizi akiwemo.

7. Kila mtu akapewa nywila mpya. Kisha tukaiomba Google, kupitia huduma yake ya wenye tovuti, itukague upya.

Na tundu lilikuwa wapi? Lilikuwa katika plagini ya zamani ya kuonyesha picha. Makatibu wa mwaka wa 2021 waliizima wakaiona imekwisha. Kumbe kuzima si kufuta! Plagini iliyozimwa bado faili zake zimo katika seva, na roboti yaweza kuzigonga moja kwa moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

MLINZI MWENYEWE NI NANI?

Nyumba ikishasafishwa, ndipo tukaweka plagini ya ulinzi. Ziko kadhaa zijulikanazo: Wordfence, Sucuri, Solid Security na nyinginezo, na nyingi zina toleo la bure. Kazi zake kubwa ni nne.

Kwanza, ukuta-moto. Huyu ndiye soja wa langoni. Kila ombi linalofika kwenye tovuti hulikagua, na likiwa na dalili za hila zinazojulikana, hulifukuza. Soja huyu hufanya kazi kwa orodha ya hila aliyopewa, na orodha hiyo huongezwa kila mara. Katika toleo la bure la Wordfence, kanuni mpya hufika siku 30 baada ya kuwafikia wanaolipa. Kwa hivyo usijilaze usingizi kwa sababu una soja. Sasisha plagini zako upesi.

Pili, ukaguzi wa faili. Plagini hulinganisha faili zako za WordPress na zile asilia. Ikiwa kuna mstari ulioongezwa, hukuarifu. Laiti tungekuwa nayo, zile faili mbili za .php zisingekaa humo miezi na miezi.

Tatu, kuhesabu majaribio ya kuingia. Roboti hujaribu nywila mamia kwa mamia. Mlinzi husema: ukikosea mara kadhaa, nje!

Nne, uthibitisho wa hatua mbili. Baada ya nywila, msimamizi huulizwa nambari inayobadilika kila baada ya sekunde 30 katika simu yake. Mwizi akiiba nywila bila simu, hapiti.

Hapa baadhi yenu mtauliza, "Sisi wa bweni simu tutazitoa wapi?" Swali zuri! Jawabu ni kwamba mwanafunzi hahitaji kuwa msimamizi. WordPress ina ngazi za watumiaji: msimamizi, mhariri, mwandishi, mchangiaji na msomaji aliyesajiliwa. Mchangiaji huandika kazi yake na kuiwasilisha, lakini hawezi kuichapisha wala kugusa plagini. Sasa wanachama wote ni wachangiaji, jopo la uhariri ni wahariri, na msimamizi ni Mwalimu peke yake, mwenye simu. Zile nambari za dharura za kutumia simu ikipotea, amezichapisha kwa karatasi na kuzifungia katika kabati la ofisi.

Lakini mlinzi ana mipaka yake. Yeye anakaa ndani ya nyumba anayoilinda. Adui akifanikiwa kuwa msimamizi, anaweza kumzima. Na mafuriko kama yale ya mwaka wa 2023 hawezi kuyazuia, kwa maana maombi yakimfikia yameshafika kwenye seva. Hayo huzuiwa na kampuni ya seva, au na huduma iliyosimama mbele ya seva yenyewe.

MLINZI ALIPOTUFUNGIA NJE

Waama, mlinzi mkali humfungia nje hata mwenye nyumba. Sisi tulikuwa tumempa amri kali: mtu akikosea nywila mara 3, afungiwe kwa saa 24. Tukajiona mabingwa.

Mwaka wa 2025, wiki moja kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 7 Julai, wanachama wapya wa Kidato cha Pili waliingia chumba cha tarakilishi kupakia mashairi yao. Wa kwanza akakosea nywila. Wa pili akasahau herufi kubwa. Wa tatu akaandika jina la jirani. Ghafla kila kioo kikaandika kwamba umezuiwa. "Nani ameharibu?" "Si mimi!" "Ni wewe, nilikuona!" Ikawa vuta nikuvute.

Hakuna aliyeharibu. Shule nzima inatumia laini moja ya intaneti, na kwa mtu wa nje tarakilishi zetu zote zinaonekana zina anwani moja ya IP. Mlinzi hakuona watoto watatu waliosahau nywila, aliona mtu mmoja anayebahatisha mara tatu. Akafunga lango, na Mwalimu naye akafungiwa nje pamoja nasi.

Ikikupata hali hii, fanya hivi. Kwanza, usiendelee kujaribu, maana unazidisha adhabu. Pili, ingia kwa njia nyingine. Mwalimu alitumia bando la simu yake, ambalo lina anwani tofauti, akaingia salama, akaifungua anwani ya shule katika orodha ya waliozuiwa. Plagini nyingi pia huweza kukutumia kiungo cha kujifungulia kwa barua pepe, mradi barua pepe ya msimamizi iwe ni ya mtu aliye hai kikazi, si ya katibu aliyehitimu zamani!

Tatu, ikiwa hayo yote yameshindikana, ingia kwenye seva kwa akaunti ya kampuni unayokodi kwake, fungua kabrasha la wp-content/plugins, utafute kabrasha la plagini ya ulinzi, ulibadilishe jina, kwa mfano uliongezee neno "zima" mwishoni. WordPress ikiitafuta plagini isiipate, itaizima. Ukishaingia, rudisha jina lile la awali, uiwashe tena, na urekebishe masharti. Usiiache imezimwa hata usiku mmoja.

Hapa pana hadhari. Baadhi ya plagini za ulinzi huandika mstari katika faili iitwayo .user.ini au .htaccess ili zianze kazi kabla ya WordPress yenyewe. Ukifuta ile faili inayotajwa na mstari huo na mstari ukaachwa, tovuti nzima yaweza kuzimika. Ndiyo sababu nasema badilisha jina la kabrasha, usifute ovyo.

Sasa masharti yetu ni majaribio 10, na kifungo cha dakika 30. Roboti bado haiwezi kubahatisha nywila ndefu kwa majaribio 10, lakini mwanafunzi msahaulifu anasameheka.

MATATIZO MENGINE MADOGO MADOGO

Tovuti ikionyesha ukurasa mweupe mtupu baada ya kuweka plagini mpya, usitaharuki. Zima plagini ile ya mwisho kwanza. Ikiwa hujui ni ipi, zima zote, kisha washa moja moja huku ukitazama. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na tovuti ikapona, hutajua kilichoiponya, na kesho ikiugua tena utarudi pale pale.

Ukuta-moto ukimzuia mwanachama mwema anayehifadhi kazi yake, tazama daftari la matukio ndani ya plagini. Litakuonyesha ni kanuni gani iliyomzuia, nawe utairuhusu kwa ukurasa huo tu. Wordfence, kwa mfano, huanza kwa kipindi cha kujifunza cha wiki moja. Katika wiki hiyo itumieni tovuti kama kawaida, pakieni picha, hariri mashairi, ili ijue mwenendo wenu. Lakini hakikisha tovuti ni safi kwanza, usije ukamfunza soja kwamba mwizi ni wa nyumbani.

Na ikiwa ukaguzi wa faili unaanza na haumaliziki, pengine seva mliyokodi ni ndogo. Pangeni ufanyike usiku wa manane wakati wasomaji ni wachache.

DESTURI ZETU SASA

Kila Ijumaa baada ya mkutano, mwanachama wa zamu humkumbusha Mwalimu kusasisha WordPress na plagini. Plagini isiyotumika hufutwa, haizimwi tu. Kila katibu anayehitimu hutolewa siku ile ile tunapomkabidhi cheti. Na kila mwisho wa mwezi tunachukua nakala tatu: moja katika seva, moja katika flashi diski iliyo kabatini, na moja katika hifadhi ya mtandaoni isiyo ya kampuni ile ile ya seva. Mara moja kwa muhula tunaifungua nakala katika tarakilishi ya pembeni kuona kama inasomeka kweli, kwani nakala ambayo haijajaribiwa ni ahadi tu.

Neno kwa wale wenye vidole vya kuwasha: usijaribu ujuzi huu kwenye tovuti ya mtu mwingine. Tangu mwaka wa 2018 Kenya ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, na kuingia pasipo ruhusa ni kosa hata kama hukuiba kitu. Jifunzie kwenye tovuti yako.

TAMATI

Huenda unauliza, zile simulizi 14 je? Tisa tulizipata kwa wenyewe, waliokuwa wametunza madaftari yao. Tatu tulizikuta katika Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka wa 1996, ambayo hupita ikihifadhi kurasa za tovuti mbalimbali. Kwa bahati ilikuwa imepita kwetu mwezi wa Juni. Mbili hazikupatikana. Moja kati yake ni ngano ya nyanya wa mwanachama mwenzetu, na yule bibi aliaga dunia Julai 2024, mwezi mmoja kabla ya haya yote. Mjukuu wake anakumbuka kwamba ilimhusu kobe na mto uliokauka, lakini wimbo uliokuwa ndani yake haukumbuki. Tumeiandika kama alivyoikumbuka, na mahali pa wimbo tumepaacha wazi.

Mwenzangu hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi, kazi ya kuchukua nakala naifanya mimi mwenyewe. Nikihitimu, atakayenirithi ataipokea kazi hiyo pamoja na flashi diski na kisa hiki.

Msomaji mpenzi, mlinzi mwekee mwizi. Nakala iweke kwa ajili yako mwenyewe, siku utakapokuwa na haraka. Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Kiswahili kitukuzwe!

Ni mimi,
Katibu wa Chama
Kidato cha Nne